Uteuzi wa Enlaja na Lenzi kwa Chumba cha Giza cha Nyumbani: Mazingatio ya Mkazi wa Changamwe

Utangulizi

Uchapaji wa picha kwa mkono ni sanaa iliyokuwa na wenyewe katika mwambao wetu. Mjini Mombasa, N. V. Parekh alifungua studio yake katika miaka ya 1940, na kwa miongo kadhaa watu wa kila tabaka wakawa wanapita mbele ya kamera yake wakiwa wamevalia nguo zao bora kabisa. Unguja ilikuwa na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyoanza kazi mwaka 1930. Lamu nayo ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, ambaye alisifika kwa ustadi wa kuunganisha picha kadhaa zikawa moja. Kazi za namna hiyo zilihitaji chumba chenye giza totoro, maji, dawa, na mashine moja iliyosimama pembeni mithili ya mnara mdogo, yaani mashine ya kukuzia picha, ambayo katika makala haya tutaiita enlaja.

Maabara za picha za rangi zilipoenea katika miaka ya 1980 na 1990, na baadaye kamera za dijitali na simu za mkononi zilipoingia, vyumba vingi vya giza vilifungwa. Beseni zikapata matumizi mengine jikoni. Enlaja zikatupwa stoo. Hata hivyo, negativu zilisalia, na hapa ndipo penye uzito wa mada yetu. Changamwe ni mji wa wafanyakazi. Watu wengi walikuja huku kutafuta kazi katika reli, bandari, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza shughuli zake mwaka 1963 na kusitisha usafishaji mwaka 2013. Mtu aliyetoka bara alipopata mshahara wake wa kwanza, aghalabu hakukosa kwenda studio kupiga picha ya kutuma nyumbani. Picha yenyewe iliondoka na barua. Negativu ikabaki ndani ya bahasha kuukuu. Nyumba ngapi za Chaani, Magongo na Mikindani zina bahasha za aina hiyo chini ya sanduku, na nani ajuaye zilizomo?

Makala haya yanakusudia kumwongoza msomaji anayetaka kuzichapa negativu hizo, au zile alizozipiga mwenyewe, katika chumba cha nyumbani. Hayatashughulikia upigaji picha wala mapishi ya dawa. Yatajikita katika swali moja ambalo humgharimu mwanagenzi fedha nyingi akilijibu vibaya: anunue enlaja ipi, na lenzi ipi?

Neno kidogo kuhusu istilahi. Wanajamii wetu husema kwamba filamu au picha “husafishwa”. Baadhi ya wasomi huliona neno hili kuwa pungufu, wakadai tubuni jingine. Kwa maoni yangu, lina ukweli mkubwa kuliko wanavyodhani, kwani anayeitazama karatasi nyeupe ndani ya dawa huiona sura ikijitokeza polepole kana kwamba ilikuwapo tangu awali ila ilifunikwa na uchafu. Nimelihifadhi. Hali kadhalika, nimeiacha enlaja ibaki enlaja, na lenzi ibaki lenzi. Kumbunia fundi neno asilowahi kulisikia ni kumtegea kitendawili wakati anataka kifaa.

Enlaja hufanyaje kazi?

Kimsingi, enlaja ni kamera iliyogeuzwa. Kamera huchukua ulimwengu mkubwa ikauingiza katika kipande kidogo cha filamu. Enlaja huchukua kipande hicho ikakitandaza tena juu ya karatasi. Juu kabisa mna taa iliyofunikwa. Chini yake hukaa negativu, imebanwa ndani ya kishikio. Kisha unafuata mvukuto, unaofanana na ule wa mhunzi kwa umbo ingawa haupulizi chochote, na mwisho wa mvukuto ndipo ilipo lenzi. Kichwa chote hiki hupanda na kushuka juu ya nguzo iliyokitwa kwenye ubao. Kikipanda, picha ubaoni huwa kubwa. Kikishuka, huwa ndogo. Mvukuto hutumika kuifanya picha iwe wazi.

Kutokana na maelezo haya, ni bayana kwamba kila sehemu ina kazi yake na kila sehemu yaweza kuiharibu picha. Lakini sehemu hizo hazina uzito sawa, wala hatutazipa nafasi sawa.

Tuanze na negativu

Kosa lililozoeleka ni kununua enlaja kwanza na kutazama negativu baadaye. Ifanyike kinyume. Fungua bahasha, chukua rula, upime.

Negativu ya filamu ya milimita 35, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumiwa na kamera nyingi za mkononi, ina upana wa milimita 24 na urefu wa milimita 36. Filamu ya 120, iliyopendwa sana na wapigapicha wa studio, ni pana zaidi. Kamera kama vile Rolleiflex na Yashica-Mat hutoa juu yake picha 12 za mraba, kila moja ikikaribia milimita 56 kwa 56. Watu huiita sita kwa sita. Kamera za sanduku za zamani zilitoa picha 8 za sita kwa tisa kutoka filamu iyo hiyo. Zaidi ya hizo kuna vioo na filamu za bapa za studio kongwe, ambazo ukubwa wake ulitofautiana.

Enlaja iliyoundwa kwa ajili ya milimita 35 pekee haiwezi kuchapa sita kwa sita. Si suala la ustadi. Negativu haitoshei na mwanga haufiki pembeni. Kwa hiyo, mtu anayenunua Durst M305 au Meopta Axomat kwa kuwa ni nyepesi na ya bei nafuu, ilhali picha za harusi ya nyanya yake zilipigwa kwa Rolleiflex, atakuwa amejinunulia mashine ya kuchapa picha za kila mtu isipokuwa nyanya yake. Kinyume chake hakina madhara: enlaja ya sita kwa sita huchapa milimita 35 pia, almuradi ubadilishe kishikio na lenzi. Pendekezo langu ni kwamba mkazi wa pwani mwenye urithi wa negativu asishuke chini ya sita kwa sita. Durst M605 na Meopta Opemus zinatosha kwa ukubwa huo. Durst M670 hufika sita kwa saba, na Meopta Magnifax hufika sita kwa tisa.

Je, vipi kuhusu vioo vikubwa? Hapa nashauri ubahili. Enlaja ya inchi nne kwa tano ni jitu. Huhitaji chumba chake peke yake na watu wawili wa kuibeba. Ikiwa una vioo vichache tu, viweke moja kwa moja juu ya karatasi ya picha, uvigandamize kwa kioo safi, kisha uwashe taa ya enlaja yako ndogo kwa sekunde chache. Picha itakayotoka itakuwa na ukubwa ule ule wa kioo, nayo itakuwa na ung'avu ambao picha iliyokuzwa haiufikii kwa urahisi. Picha nyingi ndogo zenye kingo nyeupe katika albamu za wazee wetu zilichapwa hivyo.

Kuna sababu ya kuharakisha. Filamu nyingi za karne ya ishirini zilitengenezwa kwa asetati, na asetati ikipata joto na unyevu huanza kuoza ikitoa asidi yenye harufu ya siki. Taasisi ya Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani, ilikadiria kwamba filamu mpya ya aina hiyo ikiwekwa katika nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50 huchukua miaka 40 hivi kabla uozo haujashika kasi. Msomaji wa Changamwe hahitaji kuambiwa kwamba stoo ya nyumba yetu haijawahi kuwa na nyuzi 21. Filamu iliyooza hujikunja, hunywea, na ngozi yake yenye picha hubanduka. Ikifikia hapo hakuna enlaja itakayoisaidia.

Nguzo, ubao na malori

Vitabu vya Ulaya vinapozungumzia uimara wa enlaja, huzungumzia mtu anayepita kwenye sakafu ya mbao ghorofani. Sisi tuna barabara kuu ya kuelekea Nairobi. Malori ya makontena yanayotoka bandarini hupita Changamwe usiku na mchana, na anayeishi karibu na barabara huyasikia kwenye vikombe kabatini. Kwa mchapaji picha, mtetemo huo ni adui wa kwanza, mbele ya vumbi na mbele ya joto.

Sababu yake ni rahisi kuhesabu. Tuseme unakuza mara 10. Negativu ikicheza kwa sehemu mbili tu za mia za milimita, mstari kwenye karatasi utacheza kwa sehemu mbili za kumi za milimita, na jicho la kawaida litaona kwamba picha “haijakaa”. Nawe utailaumu lenzi. Karatasi huangaziwa kwa sekunde 10 hadi 20 au zaidi. Lori moja zito lahitaji muda mfupi kuliko huo kuiharibu.

Nguzo ndiyo inayohukumu. Kadiri ilivyo nyembamba na ndefu, ndivyo inavyoyumba kama mnazi. Nguzo pana ya pande nne, hasa iliyoinamishwa kidogo kuelekea mbele, hustahimili kuliko bomba jembamba la mviringo. Unapoikagua enlaja dukani au kwa mtu, kipandishe kichwa hadi juu kabisa, kigonge kwa kidole, kisha uhesabu kimyakimya hadi kitulie. Kisipotulia upesi, iache. Enlaja za kukunja zinazoingia ndani ya sanduku, kama ile ya Kirusi iitwayo UPA-5, ni werevu mkubwa wa kihandisi na zinamfaa msafiri, lakini kando ya barabara yetu zitamtesa mwenyewe.

Urefu wa nguzo unaohitajika nao hukokotolewa. Umbali kati ya negativu na karatasi unakaribia urefu wa fokasi ya lenzi uliozidishwa kwa jumla hii: mbili, ongeza idadi ya mara za ukuzaji, ongeza moja gawanya kwa idadi hiyo. Kwa lenzi ya milimita 50 na ukuzaji wa mara 8, unaotoa picha ya takriban sentimita 20 kwa 25 kutokana na milimita 35, tunapata 50 mara 10.125, yaani sentimita 51 hivi. Ukitaka sentimita 30 kwa 40, ukuzaji ni mara 12.5 na umbali wafikia sentimita 73. Juu ya hapo bado kuna nyumba ya taa, na chini yake meza. Katika chumba chenye dari la kushuka, ni vyema kupima kabla ya kulipa.

Dawa bora ya mtetemo ni ukuta. Enlaja nyingi zaweza kung'olewa kutoka kwenye ubao na nguzo yake ikafungwa ukutani kwa mabano ya chuma, na kuta zetu za matofali ya matumbawe au saruji ni nzito za kutosha. Asiyeweza kutoboa ukuta wa mwenye nyumba (na wapangaji wengi hawawezi) aweke meza kwenye pembe ya chumba juu ya sakafu ya saruji, mbali na mlango, na chini ya ubao aweke mkeka mzito wa mpira. Achape usiku wa manane malori yanapopungua. Asiwashe feni ya dari wakati wa kuangazia karatasi, hata akilowa jasho. Na baada ya kugusa mashine, asubiri sekunde tano kabla ya kuwasha taa.

Jambo jingine katika fungu hili ni usawa. Negativu, lenzi na ubao vyapasa kuwa sambamba. Kimoja kikiinama, upande mmoja wa picha utakuwa wazi na mwingine utakuwa na ukungu. Chukua pima maji ndogo ya seremala uiweke ubaoni, kisha kwenye kishikio cha negativu, kisha kwenye ukingo wa lenzi. Enlaja isiyo na skrubu za kurekebishia usawa si ya kukataliwa papo hapo, kwani vipande vya kadibodi vimeokoa nyingi, lakini bei yake ishuke.

Aina ya mwanga

Kuna njia kuu mbili za kufikisha mwanga kwenye negativu. Ya kwanza hutumia lenzi nene za kioo ziitwazo kondensa, ambazo huukusanya mwanga wa balbu na kuuelekeza moja kwa moja. Ya pili huutawanya mwanga kwanza ndani ya kisanduku cheupe, ukafika kwenye negativu ukitoka pande zote. Enlaja zilizotengenezwa kwa ajili ya picha za rangi huwa za aina hii ya pili.

Tofauti yake si ya nadharia tupu. Mwaka 1909 Mbelgiji André Callier alieleza kwamba chembe za fedha zilizo ndani ya negativu hutawanya mwanga wa moja kwa moja, na sehemu nyeusi za negativu hutawanya zaidi kuliko sehemu nyepesi. Matokeo ni kwamba kondensa huongeza tofauti kati ya weusi na weupe, takriban kwa daraja moja zima la karatasi, na vilevile huonyesha kwa ukali kila mkwaruzo na kila punje ya vumbi. Mwanga uliotawanywa huyafumbia macho mengi ya hayo.

Wapo wanaoapa kwamba kondensa ndiyo enlaja ya kweli. Sina ugomvi nao iwapo negativu zao ni mpya na safi. Lakini kwa negativu iliyolala miaka 40 ndani ya bahasha, ikakwaruzwa, ikashikwa na vidole vya wajukuu, kichwa cha rangi ni rehema. Isitoshe, kichwa hicho kina vichujio vya manjano na vya zambarau ndani yake. Karatasi za kisasa za nyeusi na nyeupe, za aina ambayo kampuni ya Ilford iliianzisha mwaka 1940 kwa jina la Multigrade, hubadilisha daraja lake kulingana na rangi ya mwanga: manjano hulainisha, zambarau hukaza. Kwa hiyo kuzungusha gurudumu moja kwatosha, na huna haja ya kuhifadhi maboksi matano ya karatasi za madaraja mbalimbali yakipikwa na joto. Mwenye kondensa naye hajanyimwa. Atahitaji seti ya vichujio vya kuweka chini ya lenzi au ndani ya droo ya enlaja.

Kuhusu vishikio vya negativu, kuna vyenye vioo na visivyo na vioo. Vyenye vioo huilaza negativu iliyojikunja, na za kwetu hujikunja sana. Taabu yake ni vumbi, na pia zile pete za rangi ziitwazo pete za Newton, ambazo hutokea negativu laini inapogusa kioo laini katika hewa yenye unyevu. Tafuta kioo kilichokwaruzwa kidogo makusudi kwa upande wa juu, hicho huzizuia.

Umeme

Balbu ya kawaida ya enlaja hupoteza mwanga kwa kasi kuliko volti zinavyopungua. Volti zikishuka kwa asilimia 10, kutoka 240 hadi 216, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Picha iliyotaka sekunde 10 sasa yataka 14. Zaidi ya hayo, mwanga wenyewe huwa wa manjano, nayo karatasi ya Multigrade hulainika bila wewe kugusa kichujio chochote. Mitambo ya kuzalisha umeme ya Kipevu iko jirani zetu, lakini ujirani huo haujawahi kumhakikishia mtu volti tulivu. Nunua stebilaiza, hata kama ni ile ya friji.

Enlaja zilizotumwa na ndugu walioko Marekani, mathalan za Beseler na Omega, huwa za volti 120 na huhitaji transfoma. Kabla ya kulipia mzigo wowote, uliza pia kuhusu balbu. Nyingi hutumia balbu nyeupe ya maziwa yenye kichwa cha skrubu, na maandishi yake yako ubavuni. Balbu ya dukani yenye maandishi kileleni itayachapa maandishi hayo juu ya uso wa bwana harusi.

Lenzi

Nikiulizwa fedha kidogo zilizopo zitumiwe wapi, nitasema kwenye lenzi. Enlaja duni yaweza kufungwa ukutani, ikanyooshwa, ikatiwa mpira. Lenzi duni haina tiba. Inasikitisha kwamba enlaja nyingi za mkono wa pili huuzwa zikiwa na lenzi ya bei rahisi kabisa iliyokuja nayo kiwandani, na mnunuzi huichukulia kuwa sehemu ya mashine isiyobadilishwa. Hubadilishwa. Lenzi nyingi za enlaja hufungwa kwa skrubu ya milimita 39, na lenzi ya kampuni moja huingia kwenye mashine ya kampuni nyingine.

Kipimo cha kwanza ni urefu wa fokasi. Kwa milimita 35 tumia lenzi ya milimita 50. Kwa sita kwa sita tumia ya 75 au 80. Kwa sita kwa tisa, 105. Ukitumia ya 50 kwenye sita kwa sita, pembe zitakuwa na kivuli. Ukitumia ya 80 kwenye milimita 35, picha itakuwa sawia hadi pembeni, ila nguzo itabidi ipande sana: ule ukuzaji wa mara 8 uliotaka sentimita 51 sasa wataka 81, na hapo tumerudi kwenye habari za mnazi na malori.

Kipimo cha pili ni idadi ya vioo ndani ya lenzi. Lenzi za vioo vitatu, kama Componar ya Schneider na Trinar ya Rodenstock, huchapa vizuri picha ndogo ya ukubwa wa kadi ya posta. Ukikuza zaidi, pembe hulegea. Za vioo vinne, kama Comparon ya Schneider na Belar ya Meopta, humfaa mtu asiyevuka sentimita 20 kwa 25. Za vioo sita ndizo za kudumu nazo: Componon-S ya Schneider, Rodagon ya Rodenstock, na EL-Nikkor ya milimita 50 yenye upenyo wa f/2.8. Vega-11U ya Kirusi, yenye vioo vitano, ni lenzi ambayo watu huidharau kwa sababu ya kwao badala ya kazi yake; ukiipata, usiicheke.

Upenyo mkubwa haumaanishi picha bora. f/2.8 husaidia kuona vizuri gizani unapotafuta uwazi wa picha, basi. Wakati wa kuangazia karatasi, funga upenyo kwa hatua mbili au tatu, yaani f/5.6 au f/8. Ukifunga hadi f/16, mwanga wenyewe huanza kupinda kwenye ukingo wa tundu na ukali wote wa picha hulegea, licha ya kwamba muda wa kuangazia umeongezeka mara nne kuliko f/8 na kuyapa malori nafasi zaidi.

Adui mkuu wa lenzi katika mwambao ni kuvu. Hewa yetu ya chumvi na unyevu humea ndani ya kioo nyuzi nyembamba kama za buibui, ambazo hula kioo chenyewe zikiachwa. Chukua tochi, fungua upenyo wote, mulika lenzi kwa nyuma na utazame kwa mbele ukiinamisha kidogo. Vumbi chache si neno. Mkwaruzo mmoja mwembamba si neno. Ukungu wa maziwa unaofunika kioo kizima ni neno, kwa kuwa hugeuza weusi kuwa kijivu. Nyuzi za kuvu zikiwa pembezoni tu, fundi wa kamera aweza kuzisafisha. Zikiwa katikati, mrudishie mwenyewe kwa adabu. Kondensa nazo zimulikwe vivyo hivyo.

Mara nyingi mwenyewe atakuwa mzee aliyekuwa na studio. Mwamkie, kaa, unywe chai, umuulize kwanza habari za kazi yake kabla ya kuuliza bei. Mbali na kuwa ndiyo adabu, kuna faida: yeye ndiye anayejua mashine hiyo ilikaa wapi, balbu yake ilipatikana wapi, na kishikio cha pili kimepotelea kwenye droo gani. Mwombe muitie negativu mashine hiyo, muwashe taa, mtazame picha kwenye karatasi nyeupe. Tazama katikati, kisha pembe zote nne, katika f/5.6 na f/8. Negativu ya mwanga iliyoungua kabisa, ukaikwaruza mistari kwa sindano, ndiyo kipimo bora, kwa sababu mistari haina huruma kama sura za watu.

Lenzi ikishanunuliwa isiachwe kwenye enlaja. Iweke ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana pamoja na vifuko vya silika, na vifuko hivyo uvikaushe kwa joto kila baada ya wiki chache. Mchele, ambao watu wengi huushauri, una vumbi, uache chakulani.

Karatasi na dawa bado zinatengenezwa. Kodak iliacha kutengeneza karatasi za nyeusi na nyeupe mwaka 2005, lakini Ilford, iliyofilisika mwaka 2004 na kufufuliwa chini ya jina la Harman, ingali inazitengeneza Uingereza, na Foma huko Cheki. Agiza boksi dogo kwanza. Kisha, kabla ya kuchapa chochote kile, pitisha bahasha zako zote puani. Zile zinazonukia siki zitenge na nyingine, na uchape hizo kwanza.